Sheria ya kijeshi ni nini, na inamfikiaje mgonjwa kitandani?

POSTI YA 1

Nilipomaliza ule mfululizo wa upungufu wa damu kwa wajawazito, dada mmoja aliniandikia kwa faragha: "Sista, nasikia Congo kuna mikoa iliyowekwa chini ya jeshi, na Korea nako rais alitangaza sheria ya kijeshi usiku. Hiki ni kitu gani hasa? Na sisi raia wa kawaida kinatuhusu nini?"

Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Kumbe swali lina mizizi. Nimeamua kulileta hapa tulizungumze wote, kwa sehemu saba kama kawaida yetu. Najua kuna atakayesema, muuguzi na mambo ya jeshi wapi na wapi? Nivumilie ufike posti ya 3, utaona lilivyotugusa sisi wa mavazi meupe moja kwa moja.

Tuanze na maana. Sheria ya kijeshi ni pale serikali inaposema nchi, au sehemu yake, iko hatarini kiasi kwamba taratibu za kawaida hazitoshi, na sasa jeshi lishike usukani. Mara nyingi mambo matatu hutokea pamoja. Kwanza, kiongozi wa kiraia hupokonywa madaraka na afisa wa jeshi akawekwa mahali pake, au juu yake. Pili, haki fulani husitishwa: kukusanyika, kutembea, kuandika magazetini, kutopekuliwa nyumbani bila hati. Tatu, raia anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Usichanganye na mapinduzi. Mapinduzi ni jeshi kumwondoa mwenye nchi. Sheria ya kijeshi mara nyingi inatangazwa na rais mwenyewe, tena aliyepigiwa kura, tena akiwa ameshika katiba mkononi. Ndiyo maana watu wengi huchelewa kushtuka. Wanasema, si ni sheria?

POSTI YA 2

Wengi mmeandika kwenye maoni: "Sisi tuliishi sheria ya kijeshi wakati wa korona." Hapana jamani. Ile ilikuwa kafyu. Ilituumiza, sikatai, lakini tuzitenganishe, kwa sababu tofauti yake ndiyo kiini cha somo lote.

Mnakumbuka. Kafyu ilianza Kenya tarehe 27 Machi 2020, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Mimi wakati huo nilikuwa leba. Na watoto wa leba, nyinyi akina mama mnajua, hawana saa. Uchungu ukianza saa 4 usiku ni saa 4 usiku. Bodaboda hazipo, tuktuk hazipo, jirani mwenye gari anaogopa kizuizi cha polisi. Kwa wiki zile za mwanzo tulizoea kupokea akina mama alfajiri, saa 11 na dakika kadhaa, mtoto tayari kazaliwa nyumbani, kitovu kimefungwa kwa uzi wa kushonea. Wengine walifika wakiwa wamepoteza damu nyingi. Mmoja alikaa mlangoni kwake tangu saa 7 usiku akisubiri kuche. Alipofika kwetu kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka. Alipona, alhamdulillahi, lakini ni kwa sababu alikaa karibu.

Sasa angalia kilichotokea baadaye. Nairobi daktari mmoja kijana, Jemimah Kariuki, aliona hali ile na akaanzisha mpango wa Wheels for Life: mama anapiga simu usiku, anapelekewa usafiri bure. Na Chama cha Mawakili kilikwenda Mahakama Kuu. Aprili 2020 mahakama ikasema kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu kupita kiasi walizotumia polisi kuitekeleza zinavunja katiba. Hatimaye tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, rais akaiondoa.

Umeona? Kulikuwa na mlango wa kubisha. Magazeti yaliandika, mawakili walishtaki, jaji wa kiraia alisikiliza, polisi wakaambiwa mmekosea. Kafyu inakufungia ndani usiku. Sheria ya kijeshi inaweza kukufungia hata huo mlango wa kulalamikia.

POSTI YA 3

Twende Korea Kusini, kama nilivyoahidi.

Tarehe 3 Desemba 2024, siku ya Jumanne, karibu saa 4 na nusu usiku, Rais Yoon Suk Yeol alitokea kwenye televisheni bila watu kutarajia na kutangaza sheria ya kijeshi. Aliwalaumu wapinzani waliokuwa na wingi bungeni, akasema kuna nguvu zinazoipinga dola. Haukupita muda likatolewa tangazo la kwanza la kamanda wa sheria ya kijeshi, lianze kazi saa 5 usiku huohuo. Shughuli zote za kisiasa marufuku, pamoja na za bunge lenyewe. Vyombo vyote vya habari chini ya jeshi. Migomo na mikutano marufuku. Atakayekiuka anaweza kukamatwa na kupekuliwa bila hati.

Halafu kukawa na kifungu ambacho nilikisoma mara tatu. Kilisema wahudumu wote wa afya walio kwenye mgomo au walioacha vituo vyao, wakiwemo madaktari walio mafunzoni, warudi kazini ndani ya saa 48, la sivyo wataadhibiwa kwa sheria ya kijeshi.

Ngoja nieleze. Tangu Februari mwaka huo maelfu ya madaktari vijana wa Korea walikuwa wameacha kazi kupinga mpango wa serikali wa kuongeza wanafunzi wa udaktari kwa 2,000 kila mwaka. Unaweza kuwaunga mkono au kuwapinga. Mimi mwenyewe nikiwa na wodi iliyojaa sifurahii mgomo wa daktari, niseme ukweli. Lakini ule ulikuwa mgogoro wa kazi: mishahara, saa za shifti, idadi ya wanafunzi. Mambo ya kuzungumza mezani. Usiku mmoja yakageuzwa kuwa kosa la kushughulikiwa na wanajeshi.

Sisi wa huku tuliowahi kugoma tukidai posho na glavu, hebu tujiweke hapo. Unaenda kulala ukiwa mfanyakazi mwenye chama chake, unaamka una saa 48.

Haikufika hizo 48. Wakorea walitoka usiku uleule wakaenda kuzunguka bunge. Wabunge waliruka ukuta, Spika wao Woo Won-shik naye, mzee wa miaka zaidi ya 60, akaruka uzio. Ndani, wafanyakazi wa bunge walirundika meza na viti milangoni kuwazuia askari. Karibu saa 7 usiku wabunge 190 walikuwa wameingia, na wote 190 wakapiga kura sheria iondolewe. Katiba yao inasema wengi bungeni wakitaka iondoke, rais lazima aiondoe. Saa 10 na nusu alfajiri ikaondolewa. Yoon alipigiwa kura ya kuondolewa tarehe 14 Desemba, na tarehe 4 Aprili 2025 majaji wote 8 wa Mahakama ya Katiba wakathibitisha.

Kwa nini walikimbia vile na baridi ile? Kwa sababu wazee wao wanakumbuka. Mei 1980 sheria ya kijeshi ilipotandazwa nchi nzima, watu wa mji wa Gwangju waliandamana na wanajeshi wakawaua raia kwa wingi. Hospitali zilijaa, watu wakapanga foleni kutoa damu. Msichana mmoja wa sekondari alitoka kutoa damu, akapigwa risasi na kurudishwa hospitali ileile akiwa maiti. Anayelijua hilo haambiwi mara mbili atoke nje.

POSTI YA 4

Hapa nataka niwape kisa changu, ndipo mtaelewa kwa nini neno "bila hati" lilinikaa kooni.

Mwaka fulani, sitataja wapi wala lini, kulikuwa na vurugu mtaani na tukapokea vijana watatu wenye majeraha ya risasi. Mmoja mguu, mmoja bega, wa tatu tumbo. Tulifanya yanayofanywa: tukazuia damu, tukaweka dripu, tukampeleka wa tumbo chumba cha upasuaji. Saa 9 usiku akaingia mwanamume mwenye bastola kiunoni, akajitambulisha kuwa ni afisa. Akanisalimu vizuri tu. Akasema, "Sista, nipe majina ya hawa vijana, namba zao za simu na waliowaleta."

Nikamwambia, "Mzee wangu, karibu kiti. Hayo siwezi kukupa bila amri ya mahakama."

Sikulitunga jibu lile. Sheria yetu ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri, hazitolewi hivihivi, na amri ya mahakama ni mojawapo ya njia chache za kuzitoa. Alinitazama. Nilikuwa nimeshika trei kwa mikono miwili ili asione inavyotetemeka. Akasema, "Wewe unajifanya mwanasheria." Nikasema, "Hapana mzee, mimi ni muuguzi wa zamu, nikikupa mimi ndiye nitafukuzwa." Akakaa kidogo, akapiga simu koridoni, akaondoka. Hakurudi na amri yoyote. Wale vijana waliruhusiwa siku zao zilipofika, wakatoka na miguu yao.

Sasa nifuatilie. Mimi si shujaa. Kilichonilinda usiku ule ni maneno matatu, "amri ya mahakama", na ukweli kwamba yule afisa alijua yana uzito. Alijua juu yake kuna bosi, juu ya bosi kuna jaji, na jaji si mwenzao.

Chini ya sheria ya kijeshi maneno yale huisha nguvu. Anayetaka orodha ni mwanajeshi. Anayeruhusu apekue ni mwanajeshi. Ukikataa, anayekuhukumu ni mwanajeshi. Na mgonjwa akishajua hivyo, haji hospitali kabisa. Kijana mwenye risasi tumboni atakaa chumbani kwa shangazi yake akinywa dawa za maumivu, na mimi nitamwona siku ya nne akiwa na usaha tumbo zima, au nisimwone.

POSTI YA 5

Posti fupi hii. Kuhusu simu.

Poland, usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1981. Jenerali Jaruzelski akatangaza sheria ya kijeshi kuzima chama cha wafanyakazi cha Mshikamano. Watu waliamka Jumapili, wakainua simu, kimya. Laini za simu zilikatwa nchi nzima. Barabarani vifaru kwenye theluji, usiku marufuku kutoka. Simu ziliporudi baadaye, ukipiga unasikia sauti iliyorekodiwa ikikukumbusha kuwa mazungumzo yako yanasikilizwa. Hali ile haikuondolewa rasmi hadi tarehe 22 Julai 1983.

Wanahistoria watakueleza siasa yake. Mimi nawaza mzee mwenye moyo aliyeshikwa na kifua alfajiri ile, mke wake kainua simu kuita ambulensi. Nawaza mama mwenye kifafa cha mimba. Aliyekata simu hakuwa na nia ya kuwaua hawa. Alitaka wapinzani wasipange mikutano. Lakini waya ni mmoja, wa mpinzani na wa mgonjwa.

Leo badilisha simu ya waya uweke intaneti. Miadi ya kliniki tunatuma kwa simu, damu tunaitafuta kwenye magrupu ya WhatsApp, rufaa tunapigiana. Mtu akiniambia mtandao umezimwa kwa ajili ya usalama, huwa nauliza: usalama wa nani, na wa saa ngapi?

POSTI YA 6

Sasa jirani zetu. Hii imenigusa kuliko zote, maana wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe.

Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi aliiweka mikoa miwili ya mashariki mwa Congo, Kivu Kaskazini na Ituri, chini ya utawala wa kijeshi. Wao wanaita kwa Kifaransa état de siège. Magavana wa kiraia wakaondolewa, wakawekwa majenerali, na manaibu wao wakatoka polisi. Kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Jeshi likapewa uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku, kuzuia mikutano, kuzuia watu kutembea.

Niseme kwa haki: watu wengi kule waliipokea kwa mikono miwili mwanzoni. Beni na vijiji vyake walikuwa wamechinjwa miaka na waasi wa ADF. Ituri kulikuwa na CODECO. Ukizika ndugu kila mwezi, akaja mtu akasema nipe siku 30 nikumalizie hili, utamkatalia?

Siku 30 ndizo katiba yao inaruhusu. Baada ya hapo bunge linaweza kuongeza siku 15, kisha 15 nyingine. Na bunge likaongeza. Likaongeza tena. Makumi ya mara, mwaka baada ya mwaka. Mauaji hayakukoma. Huku mahakama za kijeshi ni chache, mwenye kesi ya kijijini anasafiri mbali, mahabusu wakarundikana magerezani wakisubiri. Tarehe 30 Agosti 2023 wanajeshi walizima maandamano mjini Goma kwa risasi, na zaidi ya watu 40 wakafa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Oktoba mwaka ule rais akatangaza hali italegezwa hatua kwa hatua. Mwisho wa Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka mikononi mwa M23, ikiwa bado chini ya gavana wa kijeshi.

Kliniki ninayofanya kazi sasa tunahudumia Wakongomani wengi. Mama mmoja, asili yake Beni, alikuja na mimba ya nne. Nikamuuliza historia ya uzazi kama tunavyouliza wote. Akahesabu: wa kwanza hospitali, wa pili hospitali, wa tatu nyumbani, alifariki. Nikamuuliza kilitokea nini. Akasema, "Mama muganga, ilikuwa magaribi. Pikipiki zote zilisha simamishwa. Bwana yangu aliogopa kutoka, askari watasema yeye ni muasi. Na waasi nao wakimukuta watamuchinja. Tukangoja asubui."

Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma tarehe kwenye kadi. Akaniuliza kama huku akishikwa usiku kuna namna. Nikamwandikia namba ya simu ya leba nyuma ya kadi, kwa kalamu nyekundu, ili aione haraka.

Tazama maneno yake. Mume alikuwa akiogopa bunduki za pande mbili. Ile iliyokuja kumlinda na ile iliyomjia kumuua zilimfungia mlango mmoja.

POSTI YA 7, YA MWISHO

Kuna ndugu ameandika: "Sista, wewe unasema hivyo kwa sababu hujaishi na waasi. Kuna wakati nchi inahitaji mkono mgumu." Nimeisoma, na siipuuzi. Wodini pia kuna dharura. Mgonjwa akikata pumzi siitishi kikao, mtu mmoja anaamuru na wote tunatii. Lakini hata dharura ya wodini ina saa ya kuanza, ina anayeandika kila dawa iliyoingia, na ina mwisho. Baadaye tunakaa chini na kuulizana tulifanya nini na kwa nini. Dawa kali za dharura ukimpa mgonjwa miaka mitatu mfululizo, zenyewe zitamuua.

Basi siku utakaposikia popote kwamba imetangazwa sheria ya kijeshi, au hali ya hatari, usianze kwa kuuliza nani yuko sahihi kisiasa. Uliza haya.

Inaisha lini? Korea ilikaa saa sita. Congo siku 30 ziligeuka miaka.

Nani anaweza kuisimamisha, na je, ataruhusiwa kufika? Bunge la Korea liliisimamisha kwa sababu wabunge waliingia ndani. Bunge la Congo lilikuwa na uwezo huo kila siku 15.

Nikikosewa, namshtaki nani kwa nani? Jibu likiwa ni mwanajeshi kwa mwanajeshi, hapo una tatizo.

Mama mwenye uchungu, mgonjwa wa figo na muuguzi wa zamu ya usiku wanapitaje? Kama tangazo halikuwataja, maana yake hawakufikiriwa.

Kwa sisi wa Kenya, ijueni katiba yenu ya 2010. Kifungu cha 58 kinampa rais siku 14 tu za hali ya hatari. Kuongeza lazima wabunge theluthi mbili wakubali, na safari zinazofuata robo tatu, tena si zaidi ya miezi miwili kwa mara moja. Mahakama ya Juu inaweza kuulizwa kama tangazo lenyewe ni halali. Na kifungu cha 25 kinataja mambo yasiyoguswa hata nchi ikiwaka moto: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na kufikishwa mbele ya jaji. Wenzetu wa Tanzania na kwingineko, tafuteni vifungu vyenu mviweke hapo chini, tufundishane.

Na wahudumu wenzangu wa afya mnaonisoma: yajueni maneno "amri ya mahakama" leo, wakati yana nguvu. Someni Sheria ya Afya, mjue ukurasa. Wafundisheni wanafunzi wa uuguzi walio zamu ya usiku, kwa sababu mara nyingi wao ndio hukutwa peke yao.

Yule mama wa Beni amebakiza wiki tano. Tarehe ya kliniki yake ijayo ni Jumatano.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka shifti. Wiki ijayo tunarudi kwenye lishe ya mtoto baada ya miezi sita, na mniletee picha za uji mnaopika, tuukosoe pamoja. Usiku mwema.